Sekretari wa Sayansi
Wanja alitengeneza kikaushio cha mahindi kinachotumia jua, kwa sababu mahindi ya shosho, nyanya yake kule Ngoliba, yalikuwa yakiingiwa na kuvu kila msimu. Mwalimu Gachau wa fizikia alikisifu sana, kisha akamteua Kagwe, mvulana wa darasa lao, akiwasilishe kwenye mashindano ya sayansi mjini Thika.

"Wavulana wana sayansi damuni," alimweleza Wanja. "Wewe una mwandiko mzuri, utakuwa sekretari."

Kagwe, aliyechagua fizikia ili wavulana wenzake wasimcheke, siku ya mashindano alikaza tai akanguruma kama mhubiri. Mambo yalienda vizuri mpaka jaji mmoja alipouliza, "Kwa nini mmelipaka sanduku la kikaushio rangi nyeusi?"

Kagwe akakohoa. "Ili... lisionyeshe uchafu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Gachau, jasho likimtiririka, akamnong'oneza Wanja, "Si umsaidie mwenzako!"

"Mimi ni sekretari tu, mwalimu," Wanja akajibu kwa adabu zote, moyo ukimdunda kwa hasira na raha pamoja.

Hawakupata hata cheti. Jumatatu, Mwalimu Gachau aliwatangazia walimu wenzake kwamba sasa amejionea mwenyewe: wasichana hawana moyo wa sayansi.