Bafu letu lilimvujia mjane aliyekaa eda: nilivyojifunza kupaka silikoni kwa aibu

Assalaam alaykum wakuu, na wasio wa salamu hiyo habari za saa hizi.

Haya yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Aibu zangu nimeziacha kama zilivyo. Ningeweza kuzipunguza, maana humu hakuna anayenijua.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa ndani. Nimeishia fomu foo, kazi zangu za kuchapa nazifanya nyumbani kwa kompyuta, na bi mkubwa wangu, yaani mama, anasema siku nikitokea Forodhani watu watanidhani mtalii.

Naishi naye Mji Mkongwe, juu ghorofani, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, dari za boriti.

Chini yetu walikuwa wakikaa Mzee Khatibu na mkewe, Bi Rukia. Mzee alifariki mwaka huu, Mungu amrehemu. Bi Rukia akabaki chumbani mwao, akakaa eda.

Kwa wasiojua: mke aliyefiwa anakaa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa na mume. Hatoki ila kwa dharura. Na mwanamme asiye maharimu yake, yaani anayeweza kumuoa, haingii kwake.

Basi mwezi wa pili wa eda, mama alishuka kumpelekea uji. Akasikia tone linadondoka. Kimya. Tone jengine.

Akafunua pazia la pembeni, akakuta beseni limejaa nusu. Juu ya beseni boriti zimelowa mpaka zimekuwa nyeusi. Na juu ya boriti ni bafu letu.

"Bi Rukia, tangu lini haya?"

"Tangu mwenyewe yu hai."

"Na hukusema?"

"Aliyekuwa akipanda kusema ni marehemu. Mie sasa ntampandisha nani?"

Mama aliporudi juu hakunigombeza. Alinihadithia tu, akenda zake kukaa. Mngemjua mama yangu mngejua hiyo ni mbaya kuliko kugombezwa.

Kwa sababu ni kweli, mzee alipanda. Alipanda mara tatu. Mara ya mwisho alisimama ngazini anahema, akanambia, "Mwanangu, sie huku chini masika yetu yameshaanza." Nikacheka. Nikamjibu, "Inshallah mzee, wiki hii."

Nimetaja jina la Mwenyezi Mungu, na mimi nilikuwa nshajua kuwa wiki hii sifanyi kitu.

Mzee amezikwa na ahadi yangu haijatimia. Hapa wakuu naomba nisitanie.

Kukawa na jambo zaidi. Mtoto wao mkubwa, Hamadi, amejenga Fumba. Aliposikia habari ya dari akasema mama yake ahamie kwake, amalizie eda huko. Nyumba ikiwa na hatari, huo ni udhuru, na mashekhe aliowauliza walimkubalia. Hakukosea hata kidogo.

Lakini Bi Rukia hakutaka. Alimwambia mama, "Chumba hiki nimekaa naye miaka arubaini. Niachieni hii miezi miwili iliyobaki."

Hamadi akatoa muda mpaka Ijumaa, siku anayokuja kuswali mjini.

Mafundi wote tunaowajua wako Paje kwenye mahoteli, na kila mmoja anasema kesho. Nikamwambia mama, basi, ntafanya mimi.

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe? Wewe balbu unaitia watu!"

Nikaangalia video mbili, zote nusu. Taili zetu nzima. Tatizo ni ile pembe sakafu inapokutana na ukuta, chini ya shawa. Silikoni ya zamani imekuwa nyeusi, imeachia, maji yanapita nyuma yake. Nikenda Mlandege nikanunua mrija wa silikoni nyeupe na bunduki yake, ile ya kubonyeza.

Alkhamisi baada ya laasiri nikaifuta pembe kwa kitambaa, nikaanza kupaka. Mdomo wa mrija nilikuwa nimeukata mkubwa mno, ikanitoka kama uji. Nikaisawazisha kwa kidole. Ikahamia kidoleni, kikoini, mpaka kwenye ndevu.

Mama akachungulia. "Keki ya harusi hiyo? Ya nani, na wewe hata mchumba huna?"

Lakini kwa macho ilikuwa imeziba. Maelezo ya mrija yanasema isiguse maji siku nzima. Nikabandika karatasi mlangoni: HAPAOGWI.

Sasa wakuu, baada ya Alkhamisi inakuja siku gani?

Tangu nina miaka saba, Ijumaa asubuhi naamka nakoga josho la Ijumaa. Mwili unajiendea wenyewe. Ile karatasi niliibandua kwa mkono wangu, ili nipate kufungua mlango, na sikuisoma.

Nimeshafika kichwani, sabuni tele, ndipo nikasikia chini ya miguu yangu: go, go, go. Mti wa fagio kwenye dari.

Bi Rukia. Aliyenyamaza muda wote ule.

Nikafunga bomba. Nikaitazama pembe. Silikoni yote imeinuka, inaelea kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Bi Rukia alikuwa anaswali dhuha, ile sunna ya asubuhi. Maji yalimwangukia mgongoni akiwa kwenye sijda. Akaimaliza swala yake kwanza, akatoa salamu, kisha ndio akachukua fagio. Hayo alinihadithia mama baadaye, maana mimi sikuweza hata kushuka nikamtazama usoni nikamwomba radhi. Nilifunga kikoi nikasimama kwenye ngazi, nikasema kwa sauti:

"Bi Rukia, nisamehe."

Sauti yake ikaja, ndogo, nyuma ya mlango:

"Kamalize kukoga, mwanangu. Utachelewa Ijumaa."

Laiti angenitukana.

Hamadi alipanda kwetu baada ya swala. Akasalimu kwa heshima zote. "Ndugu yangu, mimi sikulaumu," akasema, "lakini Jumatatu asubuhi naja na gari."

Mama akadakia. "Njoo. Lakini ukija kaa chini kwanza kwa mama yako, mie nifungulie maji huku juu. Likidondoka tone moja tu, mchukue."

Hamadi akakubali. Mimi sikuulizwa, na nilistahiki.

Nikarudi Mlandege. Muuzaji akaniuliza swali moja tu. "Ile ya zamani uliitoa?"

"Nilipaka juu yake."

Akatikisa kichwa. "Kaka, hiyo sawa na mtu katia udhu na rangi ya kucha. Maji kajipaka, kucha hayakuzifikia, udhu hana."

Nilielewa papo hapo kuliko video zote mbili.

Ijumaa ile ile nikapiga magoti bafuni na kisu. Nikaikwangua silikoni ya zamani yote, uchafu wa miaka, hata mikono ikachubuka. Nikasafisha kwa spiriti. Nikaweka feni pale mlangoni ikapuliza mpaka Jumamosi mchana, maana kuta hizi za chokaa zikishakunywa maji hazikauki upesi.

Mara hii mdomo wa mrija niliukata mdogo, kwa mshazari. Nikabandika selotepu ya karatasi juu na chini ya pembe ili mstari usiniponyoke. Nikabonyeza taratibu, mkono mmoja bila kusita. Nikapitisha kidole kilicholowekwa maji ya sabuni, mara moja tu, nikabandua selotepu kabla haijakauka.

Halafu nikafanya jambo la maana kuliko yote. Nikafungua kichwa cha shawa, nikampa mama akalalie. Mwili wangu nshaujua.

Siku mbili mama alikogea ndoo kwenye kibafu cha uani, upande wa Bi Rukia. Mimi, mtu wa ndani, nikenda kukogea msikitini na taulo begani, watu wananiuliza nimerudi lini safari.

Jumatatu Hamadi akaja. Gari lilisimama nje kwenye barabara kubwa, maana uchochoro wetu haupitishi. Akaingia kwa mama yake. Mimi nikakaa ngazini, sina pengine pa kukaa.

Juu, mama akafungua maji. Akayaacha yamwagike, akavuta kiti mlangoni mwa bafu, akasoma Yasini nzima, tena pole pole. Wallahi sijawahi kuiona Yasini ndefu namna ile.

Mlango wa chini ukafunguliwa. Hamadi akatoka anajikanda shingo, maana muda wote alikuwa kainua kichwa.

"Pakavu," akasema. "Boriti ntaleta mtu azitazame, mama akishatoka eda."

Akenda zake, gari tupu.

Bi Rukia alimaliza eda yake chumbani mwake. Siku aliyotoka, kabla hajenda kwa mtu yeyote, alipanda ngazi zetu kwa kushika ukuta.

"Shikamoo Bi Rukia."

"Marahaba. Iko wapi?"

Akaingia bafuni. Akainama, akapitisha kidole kwenye ile pembe, mwanzo hadi mwisho.

"Imepinda."

"Naam."

"Lakini haivuji." Akajinyoosha. "Haya nipeni chai. Miezi minne sijakaa kwenye kiti cha mtu."

Wakuu, ya silikoni mmeshayaona: toa ya zamani yote, kausha, subiri, na kama ni Muislamu usipake Alkhamisi.

Jengine ni kuwa mimi nilikuwa nakoga kila siku kwa raha zangu, na maji yangu yalikuwa yanamfikia mtu asiyeweza kuondoka wala kupanda kuniambia. Aliyeweza kupanda nilimpa inshallah ya mdomoni. Kwake nimechelewa, na hilo silikoni haizibi.

Mafundi wa humu, nisahihisheni nilipokosea. Na nyinyi mnaokaa ghorofani, kabla hamjaandika koment, shukeni mkagonge. Mkirudi mtuambie mmeambiwa nini.