Bwana wa Viwanja Hakushuka Garini

Kibibi binti Idarusi alikuwa na maneno machache alfajiri na mengi jioni. Alfajiri mikono yake ilikuwa kwenye unga. Alipika mahamri mlangoni kwake, Majengo ya Pumwani, na makarani wa reli walizoea kuamkiwa na kusutwa naye kwa pumzi moja. Mwaka huo wa hamsini na nane alikuwa mjane wa marehemu Kombo, na mama wa mtoto mmoja tu ambaye hakufika siku arubaini.

Mtoto huyo alizikwa kwenye kiwanja kidogo nyuma ya mtaa, walikolazwa wachanga wa Kiislamu. Wanawake hawakufuata jeneza, ndivyo desturi ilivyokuwa, kwa hiyo Kibibi hakuliona kaburi. Kombo alirudi na udongo kwenye viatu, akasema, "Nimemlaza peke yake, kando ya minyaa." Hakusema zaidi, na mkewe akaogopa kumchokonoa. Sasa Kombo naye kafa. Kila Alhamisi Kibibi alimwaga marashi ya mawaridi chini ya ua wote wa minyaa, mwanzo hadi mwisho, asije akamkosa mwanawe.

Ndipo ikaja habari kwamba serikali itajenga nyumba pale, na kwamba mkubwa wa ofisi ya ardhi, Mzungu aliyeitwa na wote Bwana wa Viwanja, atakuja kukagua. Hapo watu wa Majengo wakafanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya. Mgeni anakuja! Mzee Abdurahim wa msikitini akawakusanya wenzake, wakafagia kiwanja, wakang'oa magugu, wakayaondoa hata mashahidi, vile vijiti vinavyosimamishwa makaburini, maana vilikuwa vimeoza na ni aibu mgeni kuviona. Vipya wangevisimamisha baadaye. Wakanyunyiza maji vumbi lisimsumbue. Bwana wa Viwanja akafika na gari lake, akapunguza mwendo, akatazama uwanja mtupu unaong'aa, akaenda zake. Na chai walikuwa wamemwekea, masikini.

Vibarua walipoanza kazi, nyapara wao Owino alikuja kununua mahamri, akayashika tu mkononi bila kuyala.

"Mama Kibibi, mimi nimechimba msingi mingi hapa Nairobi," akasema, "lakini hii sijaona. Vigingi tunapiga jioni. Asubuhi tunapata zimelala chini. Si kutupwa, mama. Zimelazwa pole pole, moja moja, na zote zimeangalia upande moja."

"Upande gani, mwanangu?"

Owino akanyoosha mkono. Ulikuwa upande wa kibla. Kibibi akahisi nywele zikimsimama chini ya kanga.

"Na saa sita, jua kali, mtaro inatoa harufu ya maua. Watu yangu wawili wameacha kazi. Sasa wanachimba kuelekea kwa ile minyaa."

Siku hiyo mafuta yaliungua karaini. Kibibi hakuogopa harufu; aliogopa jembe. Kama lingemfikia mtoto kabla yeye hajajua alipo, angekuwa amempoteza mara ya pili.

Wazee walikwisha kumwendea Mheshimiwa Nahashon, mmoja wa wajumbe Waafrika waliochaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa kijana mwenye suti nzuri na nia njema. Akauliza swali lake Barazani, kisha akaja Majengo kutoa habari, uso umemnawiri.

"Serikali imejibu," akasema. "Kiwanja kimekaguliwa. Hakuna makaburi."

"Serikali ina mdomo?" Kibibi akauliza. "Nani kaliandika jibu hilo, baba?"

Mheshimiwa akaeleza utaratibu. Swali hupelekwa mapema, ofisi inayoulizwa huandika jibu lake, na siku ikifika jibu husomwa.

"Kwa hiyo umemwendea aliyesema hakuna, akakwambia hakuna, nawe ukamshukuru! Hatukukuchagua utuletee majibu. Majibu hata posta ingetuletea."

Mzee Abdurahim akakohoa kuficha kicheko. Kibibi hakucheka. "Hakuna pahali unapoweza kumshika akiwa hana karatasi?"

"Pako, mama. Akimaliza kusoma naweza kusimama tena na swali la nyongeza. Hajui nitauliza nini."

"Basi muulize kama alishuka garini."

Siku hizo baadhi ya wakubwa wa serikali walikuwa na viti humo humo Barazani, na Bwana wa Viwanja alikuwa mmoja wao. Kibibi alikaa juu, mahali pa wasikilizaji, katika buibui lake, Mzee Abdurahim akimtafsiria kwa kunong'ona. Bwana akasoma jibu lile lile. Nahashon akasimama. Je, Bwana alishuka garini?

Harufu ya mawaridi ikapanda ukumbini, nzito, na Kibibi hakuwa amejipaka chochote. Bwana wa Viwanja akatoa leso, akanusa, akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Sikushuka," akasema.

"Basi Bwana aliikaguaje ardhi akiwa ameketi? Alimuuliza nani wa mtaa ule? Na kesho atafuatana nami tukaitembee kwa miguu?"

Hakuwa na karatasi ya maswali hayo. Akakubali.

Kesho yake, saa sita mchana, walisimama wote kiwanjani, na mtaro ulikuwa umebakisha hatua chache tu kufika kwenye minyaa. Upepo ulikuwa umekufa. Bwana wa Viwanja akatangulia, akikanyaga kwa nguvu ili kila mtu aone kwamba ni ardhi ngumu kama nyingine. Alipofika kando ya minyaa mguu wake wa kulia ukazama hadi gotini.

Akavuta, usitoke. Akavuta tena, na uso wake ukaanza kubadilika rangi. "Kuna kitu kinanishika," akasema, kwa Kiswahili, polepole kama mtu asiyetaka kusikika. Nahashon akamkamata mkono. Owino akavua kofia.

Kibibi akasogea, akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole. Shimo lilikuwa jembamba, fupi mno. Pembeni mwake, mahali pa ubao wa mwanandani unaomkinga maiti na udongo, palikuwa na kipande kilichooza cha sanduku lake la unga, lililotoweka jikoni siku ya msiba wa mwanawe na ambalo hakuwahi kuuliza lilikokwenda. Machozi yakamtoka, na furaha pia, vyote pamoja, asijue kimoja kinaishia wapi.

Bwana wa Viwanja akajitutumua kuvuta kwa mara nyingine.

"Taratibu, bwana," Kibibi akamwambia, akiushika ule mguu kwa mikono miwili. "Utamwamsha."