Sidii ya Mgongo wa Anjeline

Kwa miaka kumi na minne hapakuwa na harusi wala mazishi ya maana upande wa Uganda wa mji wa Busia yaliyopita bila Ekaju. Alipiga video, akaikata na kuipanga, akaichoma kwenye sidii, kisha akaandika majina ya wenyewe juu yake kwa mwandiko ulionyooka kama wa karani. Watu walipohamia kwenye simu, duka lake likageuka la fotokopi na kuchaji betri. Kompyuta ya zamani ilibaki kwenye kona pamoja na kisomeo chake cha sidii, na mtaa mzima haukuwa na kingine kilichokuwa kizima.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi, mkewe alimpigia simu kutoka Tororo.

"Baba Sandra, daktari anataka picha," Anjeline alisema.

"Si mumempa karatasi ya majibu?"

"Ameisoma. Anasema hawezi kupasua mgongo wa mtu kwa kusoma maneno ya mwenzake, anataka ile sidii yenyewe. Na kompyuta yake haina mahali pa kuiingiza. Tumeulizia kila ofisi hapa, hakuna. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi ya mume wangu. Zihamishie kwenye flashi ulete. Saa kumi wanafunga, wanarudi kwao."

Madaktari wa mgongo walikuwa wamekuja hospitali ya Tororo kwa siku mbili tu, na hii ilikuwa ya pili. Anjeline alikuwa amepelekwa na dada yake, Ajambo, akabebwa kutoka kwenye gari hadi kwenye benchi. Mwanamke aliyekuwa akivuka mpaka mara nne kwa siku na furushi la mitumba kichwani, sasa hakuweza kufika chooni bila kushikwa mikono miwili.

"Mi nakuja," Ekaju alisema. "Usitoke kwa foleni."

Alifungua droo ya chini. Sidii ilikuwa pale alipoitupa mwezi wa pili, bila kasha, imebanwa katikati ya sidii kuukuu za harusi za watu. Alipoiinua kwenye mwanga wa mlango aliona mikwaruzo.

Hakuna aliyejua habari za droo ile. Siku waliyorudi kutoka kupiga picha za mgongo upande wa Kenya, Anjeline akiwa bado anatembea kwa fimbo, Ekaju aliiweka sidii kwenye mashine akiwa peke yake. Aliona mifupa myeupe imepangana, na mahali pamoja uvimbe umeukandamiza uti wa mgongo kama kidole kinavyobana mpira wa maji. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza kwamba atafutwe daktari wa upasuaji haraka. Ekaju alimkumbuka kaka yake Omaido, aliyeingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake na kutolewa amefunikwa shuka. Akazima mashine. Mkewe alipouliza, alimjibu, "Wanasema tungoje. Hakuna haraka." Miezi minne ikapita hivyo, mpaka Ajambo aliposikia kwamba madaktari wa mgongo wanakuja Tororo.

Aliwasha kompyuta, akabonyeza kitufe cha trei. Trei ikatoka, akaiweka sidii, trei ikarudi ndani. Taa ya kijani ikawaka. Lakini kwenye kioo hapakuwa na alama ya kisomeo chochote, kana kwamba kompyuta haikuwahi kuwa nacho. Alizima, akawasha, mara tatu. Alifungua ubavu wa mashine, akabadilisha waya, akapuliza vumbi. Kisomeo kilipata umeme na kilizunguka, ila kompyuta haikukiona.

Saa tano na nusu alimpigia Maurine, fundi wa kompyuta wa upande wa Kenya, ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakipelekeana wateja.

"Maurine, mama, niokoe. Ni mgongo wa Mama Sandra."

Maurine hakuuliza zaidi. Alivuka kwa miguu, akafika anahema na mkoba begani, akaketi mbele ya kioo.

"Mzee, uligusa nini kwa hii mashine karibuni?"

"Mi nilifuta ile programu ya kuchomea sidii. Hakuna mtu anachoma tena."

"Basi ni hapo." Vidole vyake vilikuwa tayari vinapekua. "Kompyuta yenyewe haijui kuzungusha sidii. Kuna programu ndogo katikati, draiva. Draiva ndiyo inapeleka amri kwa kisomeo: zunguka, sogeza jicho mahali hapa, soma kipande namba fulani, nirudishie. Ile programu yako ilikuwa imejipachika kwenye hiyo njia, kila amri inapita kwake. Umeifuta, lakini jina lake limebaki limeandikwa. Kila ukiwasha, kompyuta inaitafuta, haiipati, inakataa kuanzisha draiva. Kisomeo hakina makosa, ni vile hakuna wa kukiamrisha."

Alitafuta ndani kabisa ya kumbukumbu za mfumo, akafuta mistari miwili, akawasha upya. Alama ya kisomeo ikatokea. Ekaju alijishika kichwa, akacheka kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Kicheko hakikudumu. Sidii ilianza kuzunguka, ikapiga mlio mkali, ikapunguza, ikapanda tena, kisha kimya. Kioo kikaandika kwamba haisomeki. Ekaju aliitoa na kuisugua kwa shati lake, duara kwa duara, kwa nguvu. Maurine akamshika mkono.

"Mzee! Si wewe ulinifundisha kupangusa kutoka katikati kwenda nje?"

Aliiachia sidii mezani. Mchanga mwembamba wa shati ulikuwa umeongeza mistari mipya. Simu ikalia.

"Wamebaki watu sita mbele yangu," Anjeline alisema. "Umefika wapi?"

"Njiani," alidanganya.

Ilikuwa saa saba kasoro. Alikaa akitazama ukuta. Ndipo akakumbuka sidii za harusi zilizokuwa zikirudishwa zimechezewa na watoto, na namna alivyokuwa akizisoma. "Polepole," alisema. "Hii inakimbia sana. Ikienda polepole, jicho linapata nafasi."

"Windows haitatusikia," Maurine alisema. "Ikiomba kipande mara chache ikijibiwa kimeshindikana, inaacha yote. Ngoja."

Alichomeka flashi yake, akaiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine aliokuja nao. Akaandika amri ya kuiambia draiva ipunguze mwendo wa kisomeo hadi wa chini. Kisha akawasha programu iliyoomba sidii kipande kwa kipande: kinachosomeka kinahifadhiwa, kinachokataa kinarukwa, baadaye inakirudia tena na tena. Mlio mkali ukaisha. Kisomeo kikaanza kunguruma taratibu.

Asilimia tisa. Kumi na moja. Mahali fulani ilikaa dakika ishirini bila kusogea, na Ekaju alisimama mlangoni, akarudi, akasimama tena. Wateja wawili walikuja kutoa fotokopi, akawafukuza bila salamu. Aliomba kwa Kiteso, kimyakimya, maneno ambayo hakuwa ameyasema tangu azike kaka yake.

Saa nane na nusu Maurine aliisimamisha. "Picha mia mbili na arobaini zilikuwemo. Tumepata mia moja sabini na tisa. Tukingoja zilizobaki, utamkuta daktari ameondoka."

Pikipiki ilimfikisha Ekaju Tororo saa tisa na robo, flashi ya Maurine mfukoni, macho yamejaa vumbi la malori. Zamu ya Anjeline ilikuwa imepita, lakini alikuwa amekataa kuondolewa mlangoni.

Daktari, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alizipitia picha moja moja. Nyingine zilikosekana, naye aliziruka bila kulalamika. Alipofika kwenye uvimbe, alisimama.

"Hizi ni za lini?"

"Mwezi wa pili," Ekaju alisema.

"Na wakati huo mama alikuwa anatembea?"

"Kwa fimbo," Anjeline alijibu. "Walituambia tungoje."

Daktari aliitazama karatasi, kisha akamtazama Ekaju. Ekaju akaketi sakafuni, pale pale mbele ya wauguzi.

"Hakuna aliyesema tungoje," alisema. "Ni mimi. Mi niliziona hizo picha. Nikaogopa ya Omaido. Nikaficha."

Ajambo alishika mdomo. Anjeline alimtazama mumewe, uso hauna hasira wala machozi.

"Uliifungia miguu yangu kwenye droo," alisema. Kisha akamgeukia daktari. "Bado unaweza kufanya kitu?"

"Naweza kuutoa uvimbe na kujaribu kuokoa kilichobaki. Kutembea siwezi kukuahidi. Ungekuja mwezi wa pili, ningezungumza vingine."

"Niandike jina kwenye orodha ya kupasuliwa," Anjeline alisema.

Alipasuliwa wiki tatu baadaye, katika hospitali ya daktari huyo. Maumivu yaliisha, na vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kutii. Wa kulia haukurudi. Anjeline alikwenda kukaa kwa Ajambo, huko Osukuru, karibu na Tororo. Kila Jumapili baada ya ibada Ekaju hupanda pikipiki kumfuata, humsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi barabarani na kumrudisha. Huzungumza habari za mtoto wao Sandra na za bei ya mitumba. Anjeline hujibu anachoulizwa. Siku ya kurudi nyumbani hajaitaja, na Ekaju hajathubutu kuiuliza.