Mpiga Gitaa Asiyekuwamo Pichani

Jirani yangu mshona viatu ana vidole vitatu mkono wa kushoto. Viwili vililiwa na mashine mgodini. Kila Jumapili huifuta santuri yake kwa kitenge cha marehemu mkewe, huipuliza kama uji wa moto, halafu mtaa wetu mzima wa Wusakile, hapa Kitwe, tunapigiwa roki ya mwaka sabini na nne mpaka sufuria zinatetemeka. Wakati ule santuri hiyo haikununuliwa. Mimi niliiita makelele, na mpaka leo ni makelele, lakini ni ya kwetu.

Juzi akaja Chishala, kijana wa redio, anatafuta aliyebaki hai katika bendi iliyoipiga roki hiyo. Jirani akamwambia mpiga gitaa ni yeye. Chishala akalikagua jalada la santuri, lenye picha ya bendi. "Babu, hapa wako wanne. Wewe uko wapi?"

"Siku ya picha nilikuwa zamu, chini mgodini."

"Aa, babu! Kila mzee wa Kitwe alikuwa zamu siku hiyo." Akacheka. "Basi tupigie gitaa kidogo."

Jirani akautia mkono wa kushoto mfukoni, kwa wa kulia akaipiga santuri. Chishala akachezea simu yake. Gitaa lilipokaribia kulia peke yake, nikaona kitambaa cha mfuko kinacheza: vidole vinakimbia mle ndani, vinaitangulia sauti, havikosei hata mara moja.

"We mtoto, tazama mfuko wake!"

"Nimeona, bibi," akasema bila kuinua macho. Akaaga, akaenda zake.

Nikabaki natukana barabara tupu. Jirani akairudisha santuri ndani ya jalada, taratibu.

"Mwache, Mama Kapembwa. Hata mimi nikiitazama hiyo picha, sijioni."