Nilimficha Kipa Wetu Wito wa Baba Yake kwa Ajili ya Mechi

Naanza na kosa lenyewe kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nilimficha rafiki yangu wito wa baba yake aliyekuwa anakufa, kwa sababu ya mechi ya mpira. Na mechi yenyewe mpaka leo haijachezwa.

Umesoma vizuri. Haijachezwa! Ni Jumamosi hii.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu upande wa Hanang. Jina langu liache. Ni beki wa kati na nahodha wa timu ya chuo, na huo unahodha niliuvaa hadi kwenye foleni ya chakula. Mtu akiniita "kepteni" siku ile nalala vizuri.

Kipa wetu nitamwita Paskali, ingawa si jina lake. Kwao ni Maretadu, kule Mbulu, kitinda mimba wa mzee mmoja mkulima. Mama yao alishafariki siku nyingi. Siku tunaripoti chuoni tulipangiwa chumba kimoja, yeye kaja na godoro na debe la maharage ya kwao, na tangu hapo tukawa tunakula sahani moja. Langoni anapiga kelele kama yuko mnadani. Nje ya uwanja hasemi mpaka umwulize.

Nisikudanganye, timu yetu ni mbovu. Katika ligi ya vyuo tulikuwa na pointi moja tu, na hiyo tuliipata siku ambayo wapinzani waliharibikiwa gari njiani, wakaingia uwanjani na njaa. Waliokuwa wabovu kama sisi ni chuo kimoja tu, cha upande wa Mbulu, nao wana pointi yao moja. Hao ndio watani wetu. Tunaoana nao, tunauziana ndama, tunazikana, lakini kwenye mpira hatutaki hata kuwasikia. Mechi ya mwisho ya ligi ni sisi na wao, kwao. Atakayefungwa anashika mkia.

Tena mkuu wetu wa chuo, baba wa watu asiyependa kabisa mpira, alitangaza mbele ya chuo kizima: "Mkishika mkia, ule uwanja nalima mahindi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilishaona mahindi yamesimama pale golini na watu wanaulizana ni enzi za nahodha gani uwanja ulilimwa. Nilikuwa naumwa sifa, ndugu zangu!

Wiki ya mechi tukaingia kambini. Kambi ya timu kubwa ni hoteli. Yetu ni darasa la zamani, magodoro chini, makande mchana na jioni. Sheria ya kambi mwalimu wa michezo aliniachia mimi. Simu zote nazikusanya, nazifungia kwenye sanduku langu la bati, inabaki simu moja tu, ya nahodha. Wa nyumbani akiwa na shida anapiga kwa nahodha na nahodha anafikisha. Kila mchezaji aliwapa kwao namba yangu. Naomba muelewe hapo, maana ndipo uzito ulipo. Familia zote zile zilikuwa zimeniamini mimi.

Jumatano asubuhi tulikuwa bombani tunafua jezi. Simu ikaita. Alikuwa dada mkubwa wa Paskali, yule aliyekuwa anamuuguza baba yao.

"Hujambo kaka?"

"Sijambo. Shikamoo dada."

"Marahaba. Mwambie Paskali aje. Baba amekataa uji tangu jana. Anasema atakunywa akishikiwa kikombe na Paskali."

"Amezidiwa?"

"Hapana, siyo sana. Mwambie tu aje. Aje leo."

Siyo sana! Mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka mbali angeweza kudanganyika na hilo "siyo sana". Mimi si mgeni. Nimezaliwa Endasak, nimekulia Endasak. Huku hakuna anayekwambia kwenye simu kwamba baba yako anakufa. Tunasema anasumbuliwa kidogo, tunasema wewe njoo tu. Na mzee akikataa kula mpaka aje kitinda mimba wake, yule ambaye nyumba itabaki kwake, basi ana neno la kumwachia na mkono wa kumwekea kichwani. Hata mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Nami nililijua palepale, nikiwa na povu la sabuni mikononi.

Nikajibu, "Sawa dada, nitamwambia."

Halafu nikaanza kufikiria goli. Kipa wetu wa akiba, siku mbili kabla ya hapo, alikuwa amefungwa na mwalimu wa michezo mwenyewe, mwenye kitambi na ndala. Bila Paskali tungepigwa mpaka watu waone huruma. Na hapo shetani akaniletea hoja nzuri kabisa. Jumamosi si tunakwenda Mbulu huko huko? Mechi ikiisha, gari litampitisha Paskali kwao, atamkuta baba yake, atampa uji, na ushindi juu yake. Siku tatu tu. Mzee aliyesubiri mvua maisha yake yote atashindwa kusubiri siku tatu?

Niliwaza hivyo kweli. Naona aibu hata kuandika.

Paskali akaja na ndoo yake. "Nani alikuwa anapiga?"

"Dada yako."

"Anasemaje? Baba anaendeleaje?"

"Vizuri tu. Anakunywa uji. Wanakusalimia, wanasema ucheze vizuri."

Akatabasamu. "Basi Mungu ni mwema. Nilipotoka nyumbani alikuwa anasumbua sana kula." Akaichukua jezi yangu mkononi mwangu, akaikamua, akanianikia kwenye kamba pamoja na yake.

Alhamisi dada akapiga tena. Nikaiacha ikaita mpaka ikakata. Alipopiga mara ya pili nikaizima sauti. Ijumaa asubuhi akaleta ujumbe wa maandishi: "Kaka, umemwambia?"

Nikamjibu kwa maneno mawili. "Yuko njiani."

Nilijiambia si uongo sana, maana kesho yake tungekuwa njiani kweli. Mungu wangu! Laiti ningejua hayo maneno mawili yanakwenda kufanya nini kule.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi. Ijumaa mchana mwalimu wa michezo akapigiwa simu, akaja kutuambia uwanja wa wenzetu umejaa maji na mechi imesogezwa mbele wiki nzima. Wenzangu wakalalamika, mmoja akarusha kiatu chake ukutani. Safari niliyokuwa nimejifichia nyuma yake imekufa, na uongo wangu umebaki mtupu.

Hata hapo bado ningeweza kusema! Ilikuwa bado mchana, Paskali angepata pikipiki. Lakini ningeanzia wapi? Ningemwambiaje kwamba uji niliubuni mimi? Nikaona bora nimwambie kesho asubuhi, kwa utaratibu, nimtafutie pikipiki mimi mwenyewe. Mwoga huwa ana mipango mizuri sana ya kesho.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunavunja kambi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sanduku langu, nagawa simu. Paskali alikuwa mtu wa tatu kwenye mstari. Ikaingia pikipiki imejaa tope mpaka kwenye taa, nyuma kapanda mzee mmoja, koti limelowa, suruali imekunjwa magotini.

"Baba mdogo!" Paskali akamkimbilia. "Shikamoo baba mdogo!"

Yule mzee hakuitikia.

Huku kwetu mkubwa haachi kuitikia shikamoo, hata akiwa amekasirika. Alipokaa kimya nilijua. Akamvuta Paskali kifuani kwake, akamwambia pole pole, lakini sote tulisikia. "Baba yako ametuacha jana, saa tisa mchana."

Kisha akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayetua mzigo; wenzangu walishaanza kulia, mimi tu niliyesogea ndiye niliyesikia. "Tulimwambia uko njiani. Akaomba tumkalishe, tukamwegemeza na magodoro, akawa anaangalia mlango. Dada yako alimwomba atuachie sisi hilo neno tukufikishie. Akakataa. Akasema si neno la kutumwa mtu."

"Njiani?" Paskali aliuliza. "Nani alisema niko njiani?"

Mzee akatutazama wote. "Nahodha ni yupi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani. Simu ya Paskali ilikuwa kwenye huo mkono.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea yote. Paskali alinisogelea, akaitoa simu yake kwenye vidole vyangu, akasema, "Ulisema anakunywa." Basi. Hakuna lingine. Akapanda pikipiki, wakaondoka watatu kwenye lile tope.

Jamani, yangeishia hapo ningekuwa na nafuu. Jumatatu chuo kilitoa gari tukaenda kuzika. Kwenye msiba wetu kila kundi husimamisha mtu wa kutoa salamu za rambirambi, na mwalimu wa michezo, ambaye hajui lolote, akasema wanamichezo watawakilishwa na nahodha wao. Nikasukumwa mbele. Watu wote wale, kwaya, wazee kwenye mabenchi, jeneza, na Paskali amekaa pembeni ya dada yake kainamisha kichwa.

Mdomo wangu ukatoa yale maneno tunayoyasema misibani siku zote. Nikasema chuo kimepokea habari hizi kwa masikitiko. Nikasema tulikuwa pamoja na familia katika kuuguza.

Katika kuuguza! Mimi! Nilijisikia nikisema na sikuweza kuyarudisha. Dada yake akainua macho akanitazama, wala hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa amechoka tu.

Baada ya mazishi ni yeye aliyepita na jagi na beseni, ananawisha wageni mikono. Alipofika kwangu nikataka kuinuka nikimbie. "Nawa, kaka," akasema. "Mmetoka mbali." Akanimiminia maji kama alivyowamiminia wengine wote, tena akangoja nimalize. Nilikula ule wali kwa sababu alikuwa amesimama pale. Nilienda kuutapikia nyuma ya zizi.

Jana Paskali amerudi chuoni. Mitihani iko karibu na baba yake mdogo alimhimiza asichelewe. Na hapa ndipo naumia zaidi: hajamwambia mtu. Wenzetu wanampa pole, anasema asante. Wanamwuliza ilikuwaje asiwahi, anasema njia ilikuwa mbaya. Amehamisha godoro lake kwenda chumba cha pili, amewaambia watu chumba chetu kinavuja. Hakivuji. Nililala peke yangu natazama bati zima kabisa juu yangu, nikalia kama mtoto.

Niliwahi kumfuata, nikamwambia, "Paskali, nisamehe ndugu yangu." Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alimaliza kuzifunga, akaondoka. Na ana haki! Msamaha ningeuomba kwa kosa linalorekebishika. Mimi nimemnyima neno ambalo hakuna mtu mwingine duniani analo. Hajui kama baba yake alitaka kumkabidhi nyumba, au kumkataza jambo, au kumwambia tu anampenda. Ataishi mpaka uzee wake hajui.

Kesho Ijumaa tuna kikao cha timu. Nimeamua nitasimama niseme yote, kuanzia bombani mpaka "yuko njiani", na kitambaa cha unahodha nikiache mezani. Nimeandika hapa kwanza kwa sababu hapa hamnijui, nilitaka nijaribu kama nitaweza kufika mwisho bila kujitetea. Nimeweza kidogo.

Naomba msiniandikie kwamba ilikuwa ni mipango ya Mungu. Mungu aliniletea simu Jumatano, mapema kabisa, na njia ilikuwa kavu. Niliyeikalia ni mimi.

Na wewe unayesoma, ukiwa kiranja, au mwalimu wa zamu, au jirani ambaye simu yake ndiyo inatumiwa na majirani, nakuomba sana. Ukipewa ujumbe wa mtu usianze kuupima kama ni mkubwa au mdogo, kama wakati wake umefika au bado. Mpelekee mwenyewe, ukiwa na sabuni mikononi, ukiwa na mechi, ukiwa na harusi. Usinifuate mimi nilikopita! Huku nilipo hakuna mtu wa kukaa naye.

Jumamosi Paskali atadaka. Mwalimu alimwambia apumzike, akasema anataka kucheza. Jana jioni tulifanya mazoezi, na kipa hawezi kunyamaza na beki wake, hata kama anamchukia. Alipiga kelele, "Toka! Acha! Nyuma yako!" Mara moja mpira ulipopita katikati yetu aliniita jina langu, kwa nguvu, kama zamani, na mimi nikasimama nikasahau kuufuata. Wenzangu wakanizomea.

Kwa hiyo nitacheza, hata bila kitambaa, wakinikubalia. Wengine wote watakuwa wanaangalia nani atashika mkia. Mimi nitakuwa nasubiri Paskali aniite, kwa sababu filimbi ya mwisho ikishapulizwa, hatakuwa na sababu nyingine ya kusema nami.