Nilivyoamini koili za Zuhura zinanyonya chaji za simu Kinole nzima

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki ni kisa changu mwenyewe, na chumvi sijaweka, labda pale itakapojiongeza yenyewe.

Kule Kinole, kijijini milimani Morogoro, kulikuwa na uvumi kwamba dada mmoja, Zuhura, ana koili, yaani duara za waya, zinazonyonya chaji za simu za wapita njia, kisha anawashia taa kwenye banda lake la kukaushia mdalasini.

Mimi, fundi simu wa Moro mjini, nikaamini asilimia mia mbili.

Ushahidi nilikuwa nao. Huwa napanda huko siku za gulio kukusanya simu mbovu. Siku moja nilitoka mjini na asilimia themanini, kufika mlangoni kwake zimebaki kumi na mbili. Wiki iliyofuata nikapita nimeizungushia simu karatasi ya foil ya kufungia chakula, tabaka nne. Watu wakadhani nimebeba kuku.

Ila niwe mkweli, uvumi ule niliupenda.

Zuhura nilisoma naye masomo ya jioni, dawati moja. Fizikia nilimzidi. Alama moja, lakini nilimzidi. Na mwalimu wetu, mama mmoja, alikuwa anatafuta mmoja wetu amsaidie kufundisha vipindi vya vitendo. Nafasi ile niliihesabu yangu, hadi shati la kufundishia nilishanunua.

Jumamosi moja mchana mwalimu akatuita darasani, kila mtu na alichotengeneza.

Zuhura akaja na koili kumi na mbili, zote kazizungushia kwenye kopo lile lile la maziwa, kila moja na kapasita, kile kidude cha kutunza umeme, aliyoitoa kwenye redio zilizokufa. Akazipanga mezani mstari mmoja, hazigusani. Ya kwanza akaiweka karibu na kisaketi chake cha betri, kinachotoa wimbi la umeme. Ya mwisho ilikuwa na kitaa kidogo.

Kitaa kikawaka. Katikati hakuna waya.

Akaeleza kwamba panya wa bandani wanamtafunia nyaya, basi akatafuta namna koili moja iitikise ya jirani, na ile iitikise inayofuata, mpaka wimbi lifike mwisho.

Mwalimu akavua miwani ili aone vizuri. Wakuu, yule mama mimi hajawahi kunivulia miwani.

Wivu ulinipanda, masikio yakapata moto wa kukaangia mayai.

Nami nilikuwa na koili yangu. Niliizungushia kwenye ndoo ya rangi, mizunguko mara tatu ya zake, shaba inang'aa. Nikasema, "Mwalimu, naomba niiongezee nguvu hii kazi." Nikatoa koili yake ya sita, nikaweka yangu.

Kitaa kikazima.

Nikaisogeza. Nikaigeuza. Nikaipuliza. Wapi.

Mtu huko nyuma akasema, "Fundi, hiyo umeleta breki." Darasa likaangua kicheko.

Zuhura hakucheka. Alirudisha yake, kitaa kikawaka. "Yako nzuri, kaka, ila mizunguko imezidi. Inatikisika kwa mwendo wake, hizi kwa mwendo wao. Wimbi likifika hapo linagota, linarudi."

Mwalimu akamwambia aanze Jumatatu.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nikasema mbele ya wote kwamba huyu anatuibia chaji, Kinole nzima inajua, na simu yangu ni shahidi.

Nilichojifunza ni kwamba habari mbaya ya mtu ninayemwonea wivu huwa siipimi hata kidogo, naimeza nzima nzima. Shati nimempa shemeji. Kama nawe uliwahi kuamini ujinga kwa sababu ulikufaa, shusha hapa chini, nisichekwe peke yangu.

Jibu la Zuhura nawaachia kama alivyolitoa. Aliichukua simu yangu, akailaza mezani, ikayumba.

"Kaka, koili hazinyonyi simu ya mtu. Umeme wote unatoka kwenye betri yangu hii hapa, zenyewe zinapokezana tu. Betri ya simu yako imevimba, ona mfuniko ulivyoinuka. Badilisha."