Hajaiva Bado

Mtu akikwambia Bibi Tekla Kihwele wa Kalenga ni mkali, mwambie amempunguzia. Mkali ni pilipili. Bibi Tekla alikuwa matroni wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akarudi kwenye nyumba yake karibu na mto, ukali hakuukabidhi pamoja na funguo za bweni. Alikuja nao wote.

Kazi yake ya ustaafu hakuitangaza popote, watu waliambizana wenyewe. Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yakishatoka, wazazi wanamletea mabinti zao awafunde maisha ya haiskuli. Wiki mbili za Juni, baridi ya Iringa ikiwa inauma mpaka mfupa, wasichana watano au sita wanalala chini kwenye chumba chake cha uani. Malipo hataki. Mtoto aje na chakula chake na tranka lake, basi.

Na anavyofunda, jamani. Saa kumi na moja alfajiri wanaoga maji ya mtoni, hayajapashwa hata kidogo. Makande wanakula na vijiwe vyake, na anayetema anaambiwa ameze. Ukisahau ndoo yako nje, ukirudi huikuti, na siku zote zilizobaki utaoga kwa kikombe. Ukimwazima mwenzako kandambili, wewe utatembea peku mpaka siku ya kuondoka. Wazazi nao hawaponi. "Siku ya kumpeleka mnaishia getini," anawaambia. "Hakuna kukumbatiana. Hakuna kumpigia mwalimu simu kuuliza kama mwanangu amekula. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Watu wazima na ndevu zao wanaitikia "ndiyo bibi" kama watoto wa chekechea.

Msidhani alikuwa hana sababu. Huko mabwenini alishaona wasichana laini wakinyang'anywa godoro, wakifulishwa nguo za wakubwa, wakatoroka, wakarudi vijijini na kuolewa kabla ya Krismasi. Akajiapiza kwamba msichana atakayepita mikononi mwake hatarudi nyumbani. Na kweli, hakuna aliyewahi kurudi. Hilo alilisema kila Jumapili nje ya kanisa, na watu walishachoka kulisikia.

Mwaka huu zamu ikamfikia mjukuu wake, Eveline. Mama yake Eveline alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na bibi ndiye aliyemlea. Kidato cha nne Eveline akapata divisheni wani, akachaguliwa kusoma sayansi kwenye shule ya wasichana ya serikali huko Mbeya. Bibi Tekla alipoambiwa alisema "sawa" tu, kisha akazunguka nyuma ya choo akalia kwa furaha peke yake. Katika ukoo wao wote hakuna mtu aliyewahi kufika kidato cha tano. Fomu ya kujiunga aliiweka ndani ya Biblia, na kila jioni aliitoa na kuisoma kama Zaburi.

Ila Eveline alikuwa na kasoro moja, kwa macho ya bibi yake. Ana mkono wazi. Mpe karanga kumi, tisa atagawa. Mtume dukani na sweta jipya, atarudi anatetemeka, sweta kamvalisha mtoto wa jirani. Si kwamba ni mjinga, darasani anawapita wote. Moyo wake ndio hauna mlango. "Huyu bwenini ataliwa mbichi," bibi alijisemea, na hofu hiyo ikamkaa kifuani kutwa kucha.

Basi Juni hiyo wakawa sita. Mmoja wao alikuwa Shufaa, ametoka Rujewa, amechaguliwa shule ile ile ya Eveline. Aliletwa na mama yake, Mwanakhamisi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwanamke mnene wa maneno laini. Shufaa alilia siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaacha, kwa sababu Eveline alikuwa anatangulia kuoga maji ya baridi ili amwonyeshe kwamba hayaui, na usiku wanajifunika blanketi mbili pamoja. Wakawa pete na kidole. Bibi Tekla alivyowaona wanachambua mboga huku wanacheka, akajisemea, huyu ndiye atakayemla.

Akaamua kumfundisha mjukuu wake somo ambalo hajawahi kumfundisha mtu. Siku ya kumi, wasichana wakiwa mtoni, alichukua sweta la Shufaa akalitia chini kabisa ya tranka la Eveline. Hesabu yake ilikuwa hivi: Shufaa atalikuta humo, atamwita Eveline mwizi mbele ya wote, Eveline ataumia, halafu yeye bibi atajitokeza na kusema, mimi ndiye niliyeliweka, umeona sasa rafiki wa siku kumi anavyokugeuka? Somo limekwisha.

Shufaa akatafuta sweta, hakuna. Bibi Tekla akawapigisha magoti uani wote sita, kwenye umande, mpaka mwizi ajitaje. Robo saa. Nusu saa. Meno yanagongana. Shufaa mwenyewe anasema, "Bibi, basi, litakuwa limepotea tu." Bibi hasikii.

Eveline akanyoosha mkono. "Ni mimi, bibi. Nimelichukua mimi."

Wenzake wakageuka kumwangalia. Bibi Tekla ndiye aliyebaki kaduwaa, maana mwizi alimjua. Akawaachia wengine wakaote moto, akamvuta mjukuu wake sikio hadi jikoni.

"Kwa nini umesema uongo?"

"Nilikuona kupitia dirishani, bibi, nilikuwa nimerudia sabuni," Eveline akasema taratibu. "Nikaona bora waseme ni mimi. Wewe ni mtu mzima, wakikuita mwizi utaiweka wapi sura yako?"

Hapo ndipo mtu mwingine angemkumbatia mtoto. Bibi Tekla alimzaba kofi. Aliaibika, na aibu ya mtu mkali haina pa kutokea isipokuwa mkononi. Wasichana hakuwaambia ukweli. Eveline akachota ndoo ishirini za maji kwa wizi wa bibi yake, na usiku ule Shufaa alimfunika blanketi zote mbili.

Wiki mbili zikaisha. Mwanakhamisi akaja na gari kumchukua binti yake ampeleke Mbeya, akasema gari lina nafasi, ampeleke na Eveline.

"Eveline haendi," Bibi Tekla akajibu.

"Haendi vipi, bibi? Shule inafunguliwa Jumatatu."

"Hajaiva bado. Nitampeleka mwenyewe akiiva."

Mwanakhamisi akacheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani akaitoa fomu ya Shufaa kwenye mkoba. "Bibi yangu, soma hapa. Asiporipoti ndani ya siku kumi na nne nafasi yake anapewa mwingine. Siku hizi majina yako kwenye mtandao, hakuna cha kubembelezana."

"Unanifundisha mimi? Wanaandika hivyo kila mwaka kuwatisha wazazi. Mimi nimepokea wasichana mpaka Agosti, tena mwingine alikuja mkuu wa shule ameshamsahau jina."

Mwanakhamisi hakubishana. Akamshika Eveline mabega, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, ukiwa na shida, Rujewa kwangu ni kwenu. Ukifika muulize mtu yeyote mashine ya Mama Shufaa." Wakaondoka. Shufaa alipunga mkono mpaka gari likapinda.

Sasa jamani, sikilizeni mateso. Kila asubuhi Eveline anachota maji, analima bustani, anakula makande yake peke yake, bibi hamsemeshi. Siku ya tano akaleta fomu. "Bibi, zimebaki siku tisa." Siku ya kumi akaileta tena. Siku ya kumi na tatu akapiga magoti mlangoni, "Bibi, ni kesho." Bibi Tekla akamwambia mwenye roho ya kupiga magoti ndiye hasa asiyefaa kwenda. Nami nawaambia alichokuwa anakificha: kila akimtazama yule mtoto, aliliona lile dirisha. Alikuwa akimwadhibu kwa sababu mtoto alimwona, akaiita adhabu hiyo malezi.

Siku ya kumi na nane jirani alikuja kuomba chumvi. Eveline akamjibu mlangoni, kwa sauti kavu, "Hatuna." Chumvi ilikuwepo, imejaa kopo. Bibi Tekla alisikia akiwa chumbani, akainuka kitandani kama kijana. Ameiva! Hakujua kwamba mtoto alishampelekea jirani chumvi kwa mlango wa nyuma na kumwomba aje aigize. Hata uongo wake Eveline aliufanya kwa kutoa.

Kesho yake wakaondoka. Wakafika shuleni mchana, Eveline na tranka, ndoo na godoro lililokunjwa. Bibi alisimama getini akisubiri kuona yale anayoyajua: kelele, viranja wenye fimbo, wageni wakifokewa. Wasichana wawili wa kidato cha sita wakaja mbio, wakamwamkia shikamoo, wakampokea Eveline tranka bila kuulizwa. "Karibu mdogo wetu." Matroni akapita, msichana mmoja kamning'inia mkononi, anamwita mama. Bibi Tekla akaangalia huku na huku kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Mwalimu wa taaluma, Madam Frida, binti mdogo tu, akawakaribisha viti. Akaandika jina kwenye kompyuta. Akaandika tena.

"Bibi, pole. Nafasi ya Eveline ilijazwa Jumatatu. Ameletwa mwingine wa chaguo la pili."

"Mimi nimekuwa matroni miaka thelathini na moja," Bibi Tekla akasema.

"Hongera sana, bibi. Ila jina likishatoka kwenye mfumo, mimi sina uwezo wa kulirudisha, hata mkuu wa shule hana. Tulipiga namba yenu iliyo kwenye mfumo mara tatu."

Ilikuwa kweli. Simu ililia, na bibi aliizima, akidhani ni Mwanakhamisi anamsumbua.

"Alikuwa anaumwa?" Madam Frida akauliza kwa huruma. Eveline akawahi kujibu, "Ndiyo, madam. Nilikuwa naumwa."

Walipotoka ofisini Shufaa akawaona kutoka mbali, akaja anakimbia, kanenepa, ana furaha. "Eve! Nilikushikia kitanda cha chini mpaka Jumatatu, wakampa mgeni mmoja wa Ludewa. Usijali, tutalala wawili." Akaona sura zao, akaelewa. Eveline akafungua tranka hapo hapo kwenye nyasi, akampa madaftari yote mapya na soksi, akalifunga. Bibi Tekla alisimama pembeni, mikono imemning'inia.

Walilala gesti karibu na stendi. Asubuhi wakapanda basi la Iringa. Bibi alikuwa akingoja mtoto amtukane. Aliomba kabisa moyoni atukanwe, apate pa kushika. Eveline alimnunulia ndizi, akammenyea.

Basi lilipokaribia Igawa, njia panda ya kwenda Rujewa, Eveline akainuka. "Bibi, mimi nashuka hapa."

"Unakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Shufaa. Shufaa alinipa namba, nikampigia jana kwa simu ya gesti. Nitamsaidia mashineni huku natafuta chuo."

"Na mimi?"

Eveline akamtazama kwa upole ule ule, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Umefunda watu miaka yote hii kukaa bila mtu, bibi. Wewe utaweza. Dawa zako za presha ziko kwenye kopo la majani ya chai, unameza asubuhi baada ya uji."

Akapiga goti dogo kwenye ujia wa basi, akaaga, akashuka. Utingo akamteremshia tranka na godoro, akasahau ndoo, Eveline akagonga ubavu wa basi, utingo akairusha. Bibi Tekla alimwona akijitwisha godoro na kuvuka barabara bila kugeuka nyuma.

Basi likaondoka. Konda akaja na tiketi mkononi, akauliza kama yule binti alikuwa anaishia hapo, maana alilipiwa mpaka Iringa.

"Ndiyo," Bibi Tekla akasema. "Alikuwa anaishia hapa."